Mnyororo kwenye bajaji yangu

(Haya ni maneno niliyozungumza kwenye kikao cha vijana Nyasho, Musoma Mjini. Wengi mlioyakosa mliomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema.)

 

Mniwie radhi, nitazungumza nimekaa. Mwenyekiti alitaka nipande pale mbele, lakini pale pana ngazi tatu, na ngazi hizo nitazirudia baadaye kwa sababu ni zetu wenyewe.

Nimeombwa nizungumzie haki za watu wenye ulemavu. Mada hiyo ni pana mno, mtu anaweza kuizungumza mpaka jua lizame Makoko na asiseme kitu. Mimi nitaongea jambo moja dogo: maegesho mbele ya maduka. Naona wengine mnacheka. Ngojeni.

Wote mnaifahamu bajaji yangu. Ninaendesha kwa mikono yote, kwa sababu miguu yangu polio iliichukua nikiwa mtoto. Bajaji kwa kawaida ina breki ya mguu, ile pedali ya kulia. Yangu fundi wa kuchomelea aliiongezea mkono wa chuma unaopanda hadi kwenye goti langu, nikivuta inashika. Magongo nayaweka nyuma ya kiti. Nikishuka natembea, ndiyo, lakini natembea mita 30, 40, halafu mabega yanaanza kuniambia habari nyingine. Kwa hiyo ninapoegesha ndipo safari yangu inapoishia. Ninyi mkikosa nafasi Mukendo mnaegesha hata kule karibu na soko mnatembea. Mimi nikikosa nafasi mbele ya duka, duka hilo kwangu limefungwa.

Siku hiyo nilikwenda kwenye duka moja la jumla hapa mjini, jina silitaji. Mke wangu anapika chakula anauza, na nilikuwa nafuata mafuta ya kupikia na unga. Mbele ya duka palikuwa na nafasi moja tupu, imewekewa jiwe lililopakwa rangi nyeupe. Kando ni mtaro wazi, usiovukika kwa magongo. Nikamwita mlinzi, nikamwonyesha magongo, nikamwambia dakika kumi tu. Hakujibu. Nikachukulia kwamba amekubali. Hapo ndipo kosa langu, kama kosa lipo.

Natoka, tairi la mbele lina mnyororo na kufuli. Kijana mmoja, si yule mlinzi, ananiambia: "Mura, hapa anaegesha bosi. Elfu ishirini." Namwuliza, elfu ishirini ya nini? "Faini." Faini ya nani? "Ya hapa." Nikaomba risiti. Akachana karatasi kwenye daftari, akaandika kwa kalamu: 20,000, paking. Hakuna jina, hakuna muhuri, hakuna namba ya malipo.

Sikuwa nayo. Pesa yote ilikuwa imeingia kwenye unga. Nikakaa juu ya kreti la soda. Nilikaa pale kuanzia saa tano na kidogo mpaka saa nane. Mwenye kufuli alikuwa amekwenda, na ufunguo aliondoka nao.

Sasa nitawaambia jambo ambalo sikumwambia mtu siku ile. Kwenye saa saba nikabanwa haja. Choo cha duka kiko nyuma, juu ya ngazi, na ni cha kuchuchumaa. Miguu yangu haichuchumai. Mahali ninapoweza kujisaidia mimi bila kushikwa na mtu ni nyumbani kwangu, na chombo cha kunifikisha nyumbani kilikuwa kimefungwa mnyororo mbele yangu. Watu wanapita, wananisalimia, "shikamoo kaka", naitikia marahaba, natabasamu. Nimemaliza. Yaliyobaki mjazie wenyewe.

Ndugu mmoja wa bodaboda ndiye aliyenikopesha ile elfu ishirini. Nimeshamlipa.

Kwa hiyo mtu akiniambia gari limefungwa cheni ni usumbufu wa kawaida, naelewa anachosema, kwake ni usumbufu. Ukimfungia gari mtu mwenye miguu umemchelewesha. Ukifunga bajaji yangu umenifunga mimi. Hakuna polisi, hakuna hakimu, na nimewekwa kizuizini saa tatu kwa amri ya mtu mwenye kufuli ya elfu tano.

Sasa tuongee sheria, maana hasira peke yake haitufikishi.

Halmashauri yenyewe, na mihuri yake yote, haiwezi tu kuamka asubuhi ikatoza ushuru. Lazima itunge sheria ndogo, madiwani waijadili, iidhinishwe na waziri, itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. TARURA, tangu ianze mwaka 2017, nayo inafanya kazi ndani ya sheria na kanuni, na tukiona imekosea tunajua mlango wa kubisha. Ukitozwa maegesho ya barabarani kihalali unapewa namba ya malipo, pesa inaingia serikalini. Je, huyu wa daftari, sheria yake ilipitishwa na nani? Adhabu ya kosa hutoka kwenye sheria. Mwenye duka hawezi kujitungia kosa, akajipa uaskari, akajipa uhakimu na akabeba na faini nyumbani.

Na kitu kingine. Tembeeni Mukendo muangalie kwa macho mapya. Sehemu nyingi mnazoona mbele ya maduka zimewekewa mawe, ndoo za saruji, vyuma, "Hapa ni kwa wateja tu", si za mwenye duka. Ni hifadhi ya barabara. Kiwanja chake kinaishia ukutani au kwenye baraza. Amechukua ardhi ya umma, akaiwekea jiwe, halafu mimi mwananchi ndiye ninayeitwa mvamizi.

Nisiwe mwongo, wenye maduka nao wana kilio chao. Wapo watu wanaacha gari mbele ya duka la mtu asubuhi wanakwenda Mwigobero kwenye shughuli zao za dagaa, wanarudi jioni. Lori la mzigo linakosa pa kushushia. Mwenye duka akilalamika ana haki. Aweke tangazo, aombe, aite trafiki gari liondolewe. Na kama eneo ni lake kweli, la hati yake, anaweza kusema nani aegeshe na nani asiegeshe. Ninachokataa ni kushikilia chombo cha mtu mpaka atoe pesa. Kwa Kiswahili cha kwetu kitendo hicho kina jina, na jina lake si paking.

Wala si mawazo yangu tu ya kijiweni. Scotland, mahakama ilikaa juu ya jambo hilihili mwaka 1992, kuhusu watu binafsi waliokuwa wanafunga magari cheni kwenye maeneo yao na kudai malipo ndipo wafungue. Mahakama ikasema hiyo ni kulazimisha watu kutoa pesa kinyume cha sheria, na pia ni wizi. England na Wales walichelewa, lakini tangu Oktoba 2012 ni kosa la jinai kumfungia mtu gari kwenye eneo binafsi bila mamlaka ya kisheria. Na tangu 1971 dereva mwenye ulemavu kule ana kadi anayoiweka kwenye kioo inayompa nafasi ya kuegesha karibu na anapokwenda. Sisemi wao ni malaika, kampuni za maegesho za kule zinalalamikiwa kila siku. Nasema tu kwamba waliuliza swali ambalo sisi hatujaliuliza.

Sisi tuna nini? Tuna karatasi nzuri sana. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu Novemba 2009. Mkataba ule, Ibara ya 9, hauishii kwenye ofisi za serikali. Unasema hata watu binafsi wanaotoa huduma kwa umma, na duka ni mojawapo, wahakikishwe wanazingatia ufikikaji. Mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Inakataza ubaguzi na inatupa haki ya kuyafikia majengo na huduma za umma. Sensa ya 2022 ikatuhesabu: asilimia 11.2 ya Watanzania wenye miaka 7 na kuendelea wana aina fulani ya ulemavu. Yaani katika kila watu tisa, mmoja. Hebu jihesabuni humu ndani. Tuko wangapi? Mimi naona wawili, na mwingine ni mama aliyekuja kuuza karanga.

Katiba je? Ibara ya 13 inakataza ubaguzi, halafu inataja misingi yake: utaifa, kabila, rangi, dini, jinsia, maoni ya siasa, hali ya maisha. Ulemavu haukutajwa kwa jina. Mwanasheria mzuri atauingiza kwenye "hali ya maisha", lakini mimi nataka nisiingizwe kwa mlango wa nyuma. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba, mzee wetu wa Bunda hapa, Desemba 2013, ilikuwa na ibara ya watu wenye ulemavu. Kura ya maoni ilipangwa Aprili 2015, ikaahirishwa, mpaka leo. Kwa hiyo mkiimba Katiba Mpya, na mimi huwa naimba kwa sauti kuliko wote, jueni kwamba ndani yake kuna na bajaji yangu.

Wengine mnakumbuka Juni 2017, Dar es Salaam. Madereva wa bajaji wenye ulemavu walikusanyika katikati ya jiji wakilalamikia kuzuiwa bajaji zao kuingia na kuegesha mjini. Dai lilikuwa hilo tu. Polisi wakawatawanya kwa nguvu, watu ambao kukimbia hawawezi. Picha zilizunguka nchi nzima, tukashea, tukaweka vile vikatuni vya machozi, baada ya wiki tukasahau. Nilikuwa mmoja wa walioshea na kusahau. Kipindi tulichokuwa na mbunge wa chama chetu hapa Musoma, 2010 mpaka 2015, mimi binafsi sikusimama hata kikao kimoja kuuliza habari ya maegesho. Nilidhani ni shida yangu, ya mwili wangu, siyo siasa.

Na hapa narudi kwenye zile ngazi tatu. Tunaulaumu upande wa pili, sawa, wanastahili. Lakini ofisi yetu ya tawi ina ngazi na haina njia ya mteremko. Mifuko sita ya saruji na kokoto kidogo, vijana mnabeba zege kila siku. Na ndugu zangu wa bodaboda, ninyi ni makamanda wangu na mmoja wenu alinitoa kifungoni siku ile, lakini pale penye mteremko wa benki ndipo mnapopanga pikipiki zenu, kwa sababu pana kivuli. Mwenye kiti mwendo akifika anarudi. Hakuna mwenye duka aliyewatuma.

Kwa hiyo mimi napendekeza tuanze na kitu ambacho hakihitaji kushinda uchaguzi. Sheria ndogo ya Manispaa: kwenye kila mtaa wa biashara, nafasi za madereva wenye ulemavu zichorwe chini, karibu na mlango. Ziwe pana. Nafasi ya gari ya kawaida ni kama mita mbili na nusu, ya mwenye kiti mwendo inahitaji mita moja na zaidi ya ziada ubavuni, la sivyo mlango unafunguka lakini mtu hatoki. Bajaji ihesabiwe, maana wenye ulemavu wengi wa hapa hatuna magari. Na iandikwe waziwazi kwamba hakuna mtu binafsi atakayefunga cheni chombo cha mtu na kudai pesa. Diwani yeyote, wa chama chochote, atakayelibeba hili barazani, nitampigia makofi. Ndiyo, hata wa kijani. Mnaguna, lakini choo nilichokosa siku ile hakikuwa na kadi ya chama.

Tukienda na maneno matupu watatuambia tulete vielelezo. Basi tuvilete. Jumamosi saa mbili asubuhi, kabla jua halijakaza, tunaanzia soko kuu tunapanda Mukendo yote, upande mmoja kisha mwingine. Tunahesabu mawe na vyuma vilivyowekwa kwenye hifadhi ya barabara, tunapima mitaro, tunapiga picha. Hatugombani na mtu, mwenye duka akiuliza tunamweleza vizuri na tunamsikiliza. Tukikutana na daftari la faini, tunaomba kuona sheria yake, kwa heshima.

Mwenye futikamba aje nayo, ile ndefu ya mita hamsini kama ipo. Kuandika nitaandika mimi, kwenye bajaji pana kivuli. Ila mtakapofika pale dukani kwa lile jiwe jeupe, msinitangulie. Nisubirini.