Shahidi na Kadhi: Juu ya Mwanafunzi Asiye na Furaha Chuoni

Mhadhara wa Umma



Jambo nililokusudia kulinena jioni hii hunong'onwa sana mabwenini na katika vyumba vya walimu, lakini ni nadra kulisikia likinenwa hadharani. Ni jambo la kijana aliyesoma kwa bidii miaka 13, akafaulu, akaagwa na nduguze kwa dua na machozi ya furaha, akafika chuoni, na kabla muhula wa kwanza haujatimia akajiona hana raha. Asijue kama afunge sanduku arudi kwao, au abadili fani, au ahamie chuo kingine, au astahimili akitaraji faraja baada ya dhiki. Nimekuwa mshauri wa masomo kwa muda mrefu, na vijana wa hali hiyo wamekaa mbele yangu wengi. Na nililoliona kwao ni kwamba mara nyingi madhara hayakutoka katika uamuzi walioufikia, yalitoka katika njia waliyoupitia.

Kwa hiyo dai langu ni moja. Huzuni ya mwanafunzi ni shahidi, na shahidi hapewi kiti cha kadhi. Husikilizwa kwa heshima, huulizwa maswali, maneno yake hupimwa kwa maneno ya mashahidi wengine, kisha hukumu hutolewa na akili iliyotulia. Mwenye kumfukuza shahidi asisikilizwe hudhulumu nafsi yake, na mwenye kumwachia shahidi ahukumu hujidhulumu vilevile.

I. Maswali matatu

Swali la kwanza la kumwuliza shahidi huyu ni la mahali na maisha yake. Kijana aliyetoka pembe za mbali za Tanzania, kama Mbinga au Kasulu, aliyezoea kujulikana kwa jina na kwa ukoo, huingia katika ukumbi wenye mamia ya watu ambamo hapana hata mmoja amjuaye. Hupanga chumba mbali na chuo, akagombea daladala alfajiri. Na posho ya Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu, ambayo wanafunzi wenyewe huiita «boom», ikikawia, hushinda na mlo mmoja. Juu ya hayo iko lugha. Shule ya msingi alifundishwa kwa Kiswahili, sekondari akatiwa ghafula katika Kiingereza, na hata chuoni hufahamu mengi kuliko awezayo kuyasema. Basi katika semina hunyamaza, wenziwe wakadhani ukimya ule ni ujinga, na mwisho wake yeye mwenyewe akasadiki hivyo. Huzuni ya namna hii ni ya haki kabisa, lakini ukiihoji kwa makini utaona kwamba inataja njaa, upweke na lugha, mambo yatakayomfuata mwenyewe katika chuo chochote atakachohamia. Na dawa yake iko karibu naye, kwa mwenzi wa kusoma naye, kwa mlezi wa wanafunzi, kwa jamaa wa msikiti au kanisa, na kwa kupita kwa siku. Miezi ya mwanzo humwonyesha mtu ugeni wake kuliko inavyomwonyesha chuo.

Swali la pili ni la fani. Wapo waliochaguliwa fani na baba, kwa kuwa baba aliahidi mbele ya majirani kwamba mwanawe atakuwa tabibu au mhandisi. Wapo waliopangiwa na alama zao za kidato cha sita. Na wapo waliofuata mkopo, maana Bodi hutanguliza baadhi ya fani, na mtoto wa maskini hana budi kuelekea ulikoelekea mkopo. Mwenye huzuni ya fani hutambulikana kwa dalili nyingine. Ana rafiki, ana chakula, chuo anakipenda, ila kila kitabu cha fani yake humlemea. Mtazame basi anachokisoma asipolazimishwa na mtu. Mwanafunzi wa uhandisi anayeazima kila juma vitabu vya tarikhi, akavisoma hata usiku wa manane huku kazi ya hesabu ikimngoja, amekwisha kutoa ushahidi wake kwa ikhlasi kuliko atakavyoutoa kwa maneno. Na kumwambia mtu huyo avumilie tu ni kumwomba aipoteze miaka minne ya ujana wake kwa kumridhisha asiyeketi naye darasani.

Swali la tatu ni la nafsi na mwili. Pengine chuo hakina kosa wala fani haina kosa, bali kijana ana msiba aliouacha nyumbani, au deni, au mapenzi yaliyovunjika, au mzazi mgonjwa. Na pengine yeye mwenyewe ni mgonjwa. Huzuni isiyoondoka kwa zaidi ya majuma mawili, ikafuatana na kukosa usingizi, kuchukia chakula, kutopendezwa na lolote lililokuwa likimpendeza, au fikra ya kutaka kufa, hiyo ni alama ya sonona. Na sonona ni maradhi yenye tiba, si upungufu wa imani wala ulegevu wa moyo. Mwenye dalili hizo aende hospitali leo, na suala la chuo lingoje afya yake irejee. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na katika jambo hili hawakutia chumvi.

II. Hukumu tatu za watu wakubwa

Asije mtu akadhani kwamba kukosa raha chuoni ni aibu ya wanyonge. Imamu Abu Hamid al-Ghazali aliteuliwa mwaka 1091 kufundisha katika madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad, na katika zama zile ilikuwa shida kupata kiti cha elimu kilichokishinda kile kwa taadhima. Hata hivyo mwaka 1095 moyo wake ulikataa. Yeye mwenyewe ameeleza katika kitabu chake al-Munqidh min al-Dalal jinsi alivyositasita karibu miezi sita, leo akiazimu kuondoka na kesho akiitangua azma yake, hata ulimi ukamzuia kufundisha na matabibu wakakiri kwamba ugonjwa wake chanzo chake ni moyo. Mwishowe aliondoka, lakini tazameni namna alivyoondoka. Alijihoji kwanza nia yake katika kufundisha, akaona imechanganyika na tamaa ya jaha. Aligawa mali yake akawaachia watoto wake riziki ya kuwatosha. Akaenda Sham, Baitul Maqdis na Makka akijua anachokitafuta. Na mwaka 1106 alirejea kufundisha, safari hii Nishapur. Aliacha kiti, elimu hakuiacha.

Nelson Mandela alikuwa mwanafunzi wa chuo cha Fort Hare, Afrika Kusini, mwaka 1940, wanafunzi waliposusia uchaguzi wa baraza lao kwa sababu ya chakula kibaya na udhaifu wa mamlaka ya baraza lenyewe. Alichaguliwa na wachache waliopiga kura, akajiuzulu kwa kuona kwamba hana idhini ya wengi. Mkuu wa chuo, Alexander Kerr, alimpa muda wa likizo afikiri, na sharti la kurudi lilikuwa kukubali kuwa mjumbe wa baraza lile. Mandela hakurudi. Gharama yake ilikuwa kubwa na aliilipa. Lakini alipokuwa Johannesburg, mchana akiwa karani katika ofisi ya mawakili, alijisomea mpaka akaipata shahada yake ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, na mwaka 1943 alirejea Fort Hare kuipokea. Ugomvi wake ulikuwa na sharti la mkuu wa chuo, na hakuukubali uwe ugomvi na masomo.

Mfano wa tatu ni wa waliodai mabadiliko wakiwa ndani. Mwaka 1968, katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, kama kilivyokuwa wakati huo, wanazuoni watatu, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, hawakuridhika kuona fasihi ya Uingereza imewekwa katikati na ya Afrika ikiachwa pembeni. Hawakuishia kunung'unika. Waliandika hoja yao kwa adabu na ushujaa, wakapendekeza Idara ya Kiingereza ifutwe na mahali pake pawe na idara itakayoanza na fasihi na lugha za Afrika kisha itazame ulimwengu. Na mjadala waliouzusha uligeuza mafundisho ya fasihi Nairobi na mbali na Nairobi. Huzuni yao ilihojiwa ikataja kasoro ya chuo chenyewe, kasoro iliyoweza kuondolewa na walio ndani.

Mmoja aliondoka kwa sababu ya nafsi yake, wa pili kwa sababu ya haki, na wale watatu walisema wakiwa ndani ili wajenge. Waliafikiana katika jambo moja, nalo ni kwamba kila mmoja aliijua sababu kabla ya kuchukua hatua.

III. Adabu ya kuamua

Nawausieni basi, wanafunzi. Kwanza, msihukumu katika juma la mitihani wala siku ya matokeo, maana siku hizo hofu husema kwa sauti ya akili. Pili, andikeni malalamiko yenu. Linalotisha kichwani aghalabu hupungua likiwa juu ya karatasi, na lisilopungua ndilo la kushughulikiwa. Tatu, ulizeni milango iliyo halali. Kubadili fani ndani ya chuo kuna muda wake, na kwa kawaida ni mwanzoni mwa mwaka wa kwanza. Kuhamia chuo kingine kuna kanuni zinazosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Na mgonjwa anaweza kuahirisha masomo kwa barua na cheti cha daktari, nafasi yake ikahifadhiwa. Aondokaye kimyakimya bila barua hujifungia milango hiyo yote, na mkopo aliokwisha kuupokea haufutiki kwa kuacha masomo. Ambaye hali yake ya nyumbani haimruhusu kukaa chuoni, kiko Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, ambacho humfuata mwanafunzi alipo.

Nne, waambieni wazazi kabla ya kuondoka. Najua uzito wake, hasa kwa aliyeuziwa ng'ombe au shamba ili asome. Lakini mzazi aliyeshirikishwa katika shauri huwa mshirika hata akikasirika, na aliyekuja kuambiwa na majirani hujiona ametupwa. Tano, mkikwisha kuamua, itumikieni hukumu yenu kwa moyo mmoja, kwani mchagua jembe si mkulima, na aliyebadili fani mara tatu yafaa arudi kwenye lile swali linaloihusu nafsi yake.

IV. Deni letu

Lakini insafu inanilazimu niwageukie wakubwa. Chuo kinachoiona orodha ya waliotoweka bila kuuliza walitoweka kwa nini kimepuuza ushahidi mbele ya macho yake. Wahadhiri wenzangu, mwanafunzi aliyekoma kuhudhuria majuma matatu anastahili kutafutwa kabla ya kufutwa. Na mlango wa mshauri usiofunguka ila kwa miadi ya mwezi ujao haumsaidii mtu anayeamua usiku wa leo. Wazazi wangu, heshima ya nyumba haimo katika jina la fani ya mtoto. Mruhusuni aseme «siipendi» na abaki mwana wenu. Maana asiyeweza kulisema neno hilo nyumbani hulibeba peke yake chuoni, na huko ndiko wengi walikoangukia.

Mwanafunzi akibaki kwa sababu anazozijua, amefaulu; na akiondoka kwa sababu anazozijua, naye amefaulu. Kazi yetu sisi tuliotangulia ni kumpa muda, habari za kweli na sikio, ili hukumu itakapotoka iwe yake mwenyewe, na aweze kuitetea kwa hoja baada ya miaka 20 bila ya kumlaumu mtu.