Tumehesabiwa, Takwimu Ziko Wapi?

Msikilizaji, namba za sensa ya mwaka 2022 umeshazisikia. Zilisomwa asubuhi na jioni: Tanzania tulikuwa watu 61,741,120. Mkoa wetu wa Shinyanga, 2,241,299. Jirani zetu wa Geita, 2,977,608, kutoka 1,739,530 mwaka 2012. Rais Samia Suluhu Hassan alizitangaza Dodoma, na mjadala ukawa ule ule wa kila sensa: jimbo gani ligawanywe, mji gani upandishwe hadhi, mkoa gani umeupita mwingine. Mjadala huo una wenyewe. Kituo hiki kina swali moja. Takwimu zenyewe ziko wapi?

Hatuulizi jumla. Jumla tumeisikia. Tunauliza majibu yaliyotolewa mlango kwa mlango. Karani alikuja Agosti na kishikwambi chake, akakaa kwenye kigoda, akauliza maji mnachota wapi, mnapikia nini, choo ni cha aina gani, nani kwenye kaya ana ulemavu, watoto wanasoma au hawasomi. Ukamjibu bila kumficha kitu, maana ulihimizwa hivyo na kituo hiki pia. Majibu ya kata yetu ya Isaka yaliingia kwenye kishikwambi na yakaondoka. Tunajua yalikokwenda. Hatujui yatakaa wapi ili diwani, mwalimu mkuu au mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji ayapate bila kupanda basi.

Utaambiwa ripoti zinatolewa kwa awamu. Sawa, tutazisoma. Lakini ripoti ni kitabu alichoandika mtu mwingine kwa kuchagua yeye cha kukuonyesha. Tunachokidai ni katalogi: mahali pamoja kwenye mtandao panapoorodhesha kila takwimu iliyokusanywa na serikali au na watafiti, nani aliikusanya, mwaka gani, kata zipi, maswali yapi yaliulizwa, na faili linapatikanaje. Hapa Isaka jambo hilo halihitaji maelezo marefu. Kontena linaloshuka bandari kavu lina namba mlangoni, lina lakiri, lina karatasi zinazosema limetoka wapi, limebeba nini, linakwenda Kigali au Bujumbura. Kontena lisilo na karatasi halitoki getini, hata kama limejaa mali. Takwimu zetu nyingi ni kontena lisilo na karatasi.

Na nyingine zimeshavuka mpaka zamani. Ipo orodha ya visima na mabomba, ya mkoa wa Shinyanga ikiwemo. Wizara ya Maji ilituma watu nchi nzima, wengi wao kati ya 2011 na 2013, wakaandika kila kituo cha maji: kijiji, kata, aliyefadhili, aliyejenga, kama maji yanatoka au yamekauka. Jukwaa la mtandaoni liitwalo Taarifa likakusanya maelezo hayo. Leo orodha hiyo, yenye vituo 59,400, iko kwenye tovuti ya mashindano ya kampuni ya Marekani iitwayo DrivenData, na vijana wa dunia nzima wanajifunzia kazi ya uchambuzi wa takwimu kwa visima vyetu. Vituo karibu 5,000 ni vya mkoa wa Shinyanga wa wakati ule. Kijana wa Toronto anaweza kukwambia bomba lipi la Kahama lilikuwa bovu. Muulize mjumbe wa kamati ya maji wa hapa kama amewahi kuiona orodha hiyo.

Fungua faili hilo uangalie kwa karibu. Vituo 32,259 vilikuwa vinafanya kazi. Vituo 4,317 vilikuwa vinatoa maji lakini vinahitaji matengenezo. Vituo 22,824 vilikuwa vimekufa. Kisha tafuta safu ya longitudo. Utakuta zaidi ya vituo 1,800 vimeandikwa sifuri, na latitudo yake sifuri. Penye sifuri na sifuri ni katikati ya bahari, Ghuba ya Guinea, kusini mwa Ghana. Na vituo hivyo ni vya wapi? Ni vya Shinyanga na Mwanza, na ndani yake mna vya Geita, ambayo ilikuwa bado wilaya ya Mwanza. Visima vya kwetu vimewekwa baharini, na vimekaa humo miaka yote hii, vikipakuliwa na maelfu ya watu wasiojua Geita iko upande gani wa ziwa.

Faili hilo lingekuwa Kahama au Geita mjini, mahali panapofahamika, kosa hilo lingekamatwa na mtendaji wa kijiji asubuhi moja. Angesema hiki kisima nakijua, kiko nyuma ya shule. Takwimu isiyopatikana na wenyewe haisahihishwi. Tulihesabiwa, hatukuonyeshwa. Ndiyo maana tunauliza: ziko wapi?

Twende kwenye dhahabu. Watu wa mialo ya kuchenjulia dhahabu ya Rwamagasa, Geita, wengine watakumbuka mwaka 2003 walipokuja wageni wa mradi wa zebaki wa Umoja wa Mataifa. Wachenjuaji walichukuliwa damu, mkojo na nywele. Udongo ulipimwa, tope la marudio likapimwa, samaki wakapimwa. Ripoti ya upimaji wa mazingira ipo, na ukiitafuta utaipata: iko kwa wanajiolojia wa Uingereza, kwa Kiingereza. Hatuwalaumu walioitunza, wao wameiweka mahali inapoonekana. Tunauliza mama anayekamua zebaki kwenye kitambaa na kuchoma dhahabu jikoni kwake, au mganga wa zahanati anayemhudumia, angeitafuta wapi hapa nchini? Baada ya hapo watafiti wamepima tena maji, udongo na hata mihogo ya ukanda huu, wakatafuta zebaki na aseniki. Kila mara tunapimwa. Kila mara wanaondoka. Tumehesabiwa hadi nywele, na hatukuonyeshwa.

Sisemi hakuna kilichofanyika. Mwaka 2011 Tanzania ilijiunga na Mpango wa Uendeshaji wa Shughuli za Serikali kwa Uwazi. Ikaja tovuti ya takwimu huria za elimu, afya na maji, na Septemba 2015 Dar es Salaam ikapokea mkutano wa Afrika nzima wa takwimu huria. Wenzetu wa Kenya walikuwa wamezindua tovuti yao Julai 2011. Miaka miwili baada ya mkutano ule wa Dar es Salaam, mwaka 2017, tukajitoa kwenye mpango. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ikarekebishwa, ikaweka kifungo cha miaka isiyopungua mitatu au faini isiyopungua shilingi milioni 10 kwa atakayetangaza takwimu za kupotosha zile rasmi. Juni 2019 makali hayo yakapunguzwa. Sheria ilibadilika, hofu haikubadilika. Hadi leo ukimwomba ofisa idadi ya wanafunzi wa kata moja anatazama mlango kwanza.

Ofisi ya Taifa ya Takwimu inayo hifadhi yake ya mtandaoni, TNADA. Ni kazi nzuri na tunaisifu: utafiti wa kaya, wa kilimo, wa afya, umeorodheshwa pamoja na madodoso yake. Lakini ni wangapi waliosoma sekondari za Msalala waliwahi kuambiwa ipo? Wakati huo huo Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kina sampuli ya asilimia 10 ya sensa zetu za 1988, 2002 na 2012, na mtafiti wa nchi yoyote anajisajili na kuomba akiwa kitini kwake. Majina yameondolewa, siri ya kaya imelindwa. Kama inawezekana Minnesota, haiwezi kushindikana Dodoma. Haiwezi kushindikana Shinyanga.

Sensa hii ya 2022 ndiyo ya kwanza kufanywa kwa vishikwambi. Hakuna tena kisingizio cha makaratasi kuliwa na mchwa stoo. Majibu yamezaliwa yakiwa ya kidijitali. Basi yawekwe kwenye katalogi yakiwa hivyo, hadi ngazi ya kijiji na mtaa, kwa Kiswahili, katika faili linalofunguka kwenye simu, si picha ya jedwali iliyopigwa muhuri. Na kila mtafiti anayepewa kibali cha kupima watu wa Geita, Kahama au Msalala afungwe na sharti moja: kabla hujaondoka, acha nakala, iorodheshwe, ijulikane ilipo.

Na wewe msikilizaji, usikae. Mwalimu wa jiografia, wafungulie wanafunzi hifadhi ya takwimu wiki hii hii, watafute kata yao. Diwani, usiingie kikao cha bajeti ukiwa na namba ya kukisia. Viongozi wa wachimbaji wadogo, ulizeni majibu ya zebaki yaliyotoka kwenye mialo yenu. Andikeni barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa na inaitaka ofisi ijibu ndani ya siku 30. Andika tarehe juu ya barua, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na siku ya 31 ikifika kimya, tuletee nakala hiyo hapa kituoni. Tutaisoma hewani.