Mbona Wamekiteketeza?

Jirani yangu, mzee mwenye duka, aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu palepale. Alikuwa amesikia kwamba tarehe 15 Septemba 2017 Wamarekani walikielekeza kwa makusudi chombo chao cha angani, Cassini, kikaungua katika hewa ya sayari ya Zohali. Chombo kilichogharimu dola zaidi ya bilioni 3, tena kilikuwa kikituma habari hadi dakika ya mwisho! "Huo si wazimu?" akasema.

Leo namjibu.

Zohali, ile sayari yenye pete, ina mwezi mdogo uitwao Enceladus. Upana wake ni kama kilomita 500 tu, na juu ni barafu tupu. Lakini mwaka 2005 Cassini kiliona mvuke na chembe za barafu zikifoka kwa nguvu kutoka kwenye nyufa za upande wa kusini. Baadaye kikapita katikati ya mvuke huo na kuuonja. Kikakuta chumvi. Kikakuta na gesi ya haidrojeni, ambayo hapa duniani baadhi ya vijidudu vya kwenye vilindi vya bahari huitumia kujipatia nguvu. Chini ya barafu ile, basi, mna bahari. Jua haliifikii, ila mvuto wa Zohali huukanda mwezi huo kama unga wa chapati, na kukandwa huko ndiko kunakoleta joto.

Sasa, mafuta ya Cassini yalikuwa yanakwisha. Yakiisha, hakuna awezaye kukiongoza, na siku moja kingeweza kuuangukia mwezi ule. Nacho hakikuwa kimesafishwa kikamilifu vijidudu vya kwetu. Hebu fikirini: tuende kutafuta uhai mbali kote huko, tukute wadudu wetu wenyewe, tushangilie! Au wawe wamekwisha kuwaua wenyeji. Kwa sababu hiyohiyo chombo Galileo kiliteketezwa katika sayari ya Mshtarii tarehe 21 Septemba 2003, ili kisije kikauangukia mwezi wake uitwao Europa.

Kwetu mtu haingii nyumba ya watu kabla hodi yake haijaitikiwa. Mzee wangu, ule haukuwa wazimu, ilikuwa adabu.

Lakini nami nina langu. Chombo kingine, Europa Clipper, kilirushwa tarehe 14 Oktoba 2024 na kinatazamiwa kufika Mshtarii mwaka 2030. Hakitatua Europa, kitapita karibu nayo mara 49 hivi. Watu wa Ulaya nao walirusha chao, Juice, mwaka 2023, kichunguze hasa mwezi Ganymede. Mpango ni kwamba vyote viwili vimalizie safari kwa kuiangukia Ganymede. Wataalamu wanasema barafu ya huko ni nene mno, kijidudu hakiwezi kupenya hadi majini. Huenda ni kweli. Ila Ganymede nayo ina bahari chini yake, na hapo, mzee, ukiniuliza tena swali lako, itabidi nikae nifikiri.