Sahani ya Teja



Mara nyingi tukutanapo kuzungumzia dawa za kulevya, twazungumzia polisi, mahakama, bandari na wizi wa majumbani. Leo naomba tuzungumzie sahani ya chakula. Hapa Amani, kama ilivyo Ng'ambo nzima, zipo nyumba ambazo kijana atumiaye unga hatengewi tena chakula. Hoja itolewayo ni kwamba akishiba atapata nguvu ya kwenda kuiba. Nimeisikia hoja hiyo kwa watu wema, watu wa sala, wala siwalaumu upesi, maana mama aliyeibiwa sufuria pamoja na wali uliokuwamo anayo haki ya kukasirika. Hata hivyo hoja yenyewe ni mbovu, na yafaa tuone ubovu wake uko wapi.

Heroini imekuwapo visiwani humu tangu miaka ya 1980. Hutoka Asia, hasa Afghanistan, ikavushwa kwa majahazi katika bahari ileile iliyowaleta wafanyabiashara wa kale. Iingiapo mwilini hutuliza maumivu, na pamoja na maumivu huituliza njaa. Tumbo hufanya kazi polepole, choo hufunga, kichefuchefu huja. Nguvu yake ikiisha huja arosto, na hapo mambo hugeuka: mtu hutapika, huharisha, hutokwa jasho na kutetemeka. Basi siku ya teja ina vipindi viwili, kimoja asichotaka chakula, na kingine ambacho chakula hakikai tumboni. Katikati yake, akipata shilingi, kete hutangulia.

Kwa hiyo kinachompeleka kuiba ni arosto, wala si shibe. Kumnyima wali hakumpunguzii arosto hata chembe. Humpunguzia mwili tu.

Na huo mwili hupungua kwa utaratibu wake. Akiba ya mafuta huliwa kwanza, misuli nayo huanza kuliwa, na kinga dhidi ya maradhi hudhoofika. Kifua kikuu hupenda sana mwili wa namna hiyo. Kidogo anachokula huwa ni kitamu na rahisi: chai yenye sukari nyingi, mandazi, soda. Hili si la Unguja peke yake. Katika nchi nyingi watumiaji wa afyuni wameonekana kupenda sukari kupita kiasi, na kula mboga, samaki na kunde kidogo mno.

Wapo wanaomwona kijana amekonda wakanong'onezana kwamba ana UKIMWI. Uchunguzi uliofanywa hapa Unguja mwaka 2007 ulikuta virusi kwa takriban watu 16 katika kila 100 wanaojidunga. Idadi hiyo ni kubwa mno, na ni sababu tosha ya kuwapeleka kupima. Lakini maana yake ni kwamba zaidi ya 80 hawakuwa navyo, na unga hukondesha hata asiye navyo. Wembamba si cheti cha daktari.

Nasi Wakristo wa kisiwa hiki tusijifiche nyuma ya heroini, kana kwamba jambo hili ni la watoto wa jirani. Pombe iko kwetu. Gramu moja ya kilevi huupa mwili kalori 7, ilhali sukari hutoa 4. Mnywaji hushiba asichokula. Ndiyo maana tunaona mwenye kitambi na miguu myembamba, tukadhani amenawiri. Pombe huzuia utumbo usifyonze vitamini B1, na wengi wetu hula mchele mweupe uliokobolewa, ambao vitamini hiyo umekwisha kuipoteza kinuni. Upungufu mkubwa wa B1 huharibu mishipa ya fahamu, moyo, na hata kumbukumbu. Dona, kunde, maharage na karanga vinayo. Havizidi bei ya chupa mbili za bia.

Sasa nije kwa anayeacha. Tanzania Bara ilianza kutoa dawa ya methadoni mwaka 2011 katika Hospitali ya Muhimbili, na hapa kwetu hutolewa Kidongo Chekundu. Zipo pia nyumba za upataji nafuu, ziitwazo soba. Huko watu hunenepa, wengine kwa kasi, kwani hamu ya kula hurudi lakini ile ya sukari haiondoki. Familia humwona kijana ana mashavu, ikashangilia kwamba amepona. Naomba niwe mkali kidogo hapa, kwa sababu shangwe hiyo imezika watu. Mwili uliokaa miezi bila unga umepoteza uzoefu wake. Akirudia kipimo cha zamani kinaweza kumwua siku hiyohiyo, akiwa na mashavu yake. Mashavu yapimwe kama mashavu.

Lipo pia suala la haki. Gharama za soba mara nyingi huchangiwa na familia, na nyingi ya nyumba hizo ni za wanaume. Asiye na familia, na hasa mwanamke, atakula wapi? Fedha zitakazotengwa kwa vita dhidi ya dawa za kulevya zihesabiwe pamoja na mafungu ya unga wa ulezi, maharage na dagaa, si petroli ya magari ya doria tu. Majirani zetu Waislamu hutufundisha jambo wakati wa Ramadhani: futari ikitoka nje, nimeona teja naye akikaribishwa mkekani bila kuulizwa neno. Na Eliya alipolala chini ya mti akitamani kufa, malaika alimpa mkate na maji kabla ya kumtajia safari. Tusibadili mpangilio huo.

Mtakaokubali kupika, shikeni haya. Aliye katika arosto apewe kwanza maji: lita moja safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe kidogo kidogo. Aliyekaa siku nyingi bila kula asirundikiwe pilau. Chakula kingi kwa ghafla huvuruga madini ya damu, na moyo unaweza kusimama, kama ilivyowatokea wengi waliofunguliwa kambini mwishoni mwa vita ya 1945. Huyo apelekwe kituo cha afya kwanza. Wengine waanze na uji mwepesi mara kadhaa kwa siku, kisha waongezewe dagaa waliosagwa, mchicha, choroko na ndizi. Sukari ya chai ipunguzwe polepole, si kwa siku moja; anaacha mengi kwa wakati mmoja. Juu ya wenye kisukari nitajibu katika maswali.