Mwenye kazi naye anachoka

Maneno tuliyosema Wamaza, mbele ya vijana, walimu na waganga



Wengine watauliza: vijana wenye diploma na bila kazi wataongea nini juu ya uchovu wa kazi? Jibu ni rahisi. Tunaishi na wenye kazi. Ni kaka mwalimu na dada muganga ndio wanatulisha. Tunawaona wakirudi jioni, na tunajua siku gani hakuna mwenye atafungua kinywa kwenye bugali.

Tangu masomo ya msingi yawe bure katika shule za serikali, mwaka 2019, darasa zimejaa. Mwalimu anapaza sauti siku nzima, kisha anakutana na deni la dukani, juu malipo bado. Muganga anakesha na wagonjwa, asubuhi anashika jembe. Mwaka ule ule wa 2019 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilieleza uchovu wa namna hii: si ugonjwa, ni jambo linalotoka kazini, mahali mateso ya kazi yanadumu na hakuna anayeyatengeneza. Basi tusidanganyane. Kulala mapema hakulipi mushahara, na malipo tutaendelea kuyadai. Lakini mtu aliyevunjika roho hadai tena kitu. Ananyamaza, ao anamalizia hasira kwa bibi yake na watoto.

Usingizi kwanza. Telefone ikae mbali saa moja mbele ya kulala. Habari za vita kwenye WhatsApp hazibadiliki juu umezisoma saa sita ya usiku, asubuhi utazikuta. Na lutuku, ndiyo, inalaza haraka, lakini inakata usingizi katikati. Ukitoka kazini, usikimbilie nyumbani. Tembea kidogo, keti chini ya muembe, dakika 20 tu. Na ninyi watu wa nyumba, tafazali, habari ya sukari kuisha ingoje anawe uso.

Lenye tunashikilia zaidi ni kusema. Kwetu mwanaume akisema roho yake imechoka, wanamcheka, ao wanasema amerogwa. Huko Harare, Zimbabwe, mwaka 2006, muganga wa akili Dixon Chibanda alianza kufundisha wamama wazee kuketi kwenye benchi karibu na kituo cha afya na kusikiliza watu. Hakuna mashine, hakuna jengo. Utafiti uliotoka mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosikilizwa vile walipata nafuu kuliko wenye walitunzwa kwa desturi tu. Sisi wamama wazee tunao, na benchi seremala yeyote anatengeneza.

Hatusemi benchi inatosha kwa yote. Mwenye anawaza kujiua asiachwe peke yake hata usiku moja. Apelekwe kituo cha afya, na ndugu mmoja abaki naye. Tunajua Tulizo Letu iko Goma na Sosame iko Bukavu, mbali sana na hapa. Hilo nalo tunalidai: hata muganga mmoja aliyefundishwa mambo ya akili, pande hizi za Kasongo na Kabambare.

Kungoja hilo, siku ya tano jioni tutaweka benchi ya kwanza. Mwalimu, muganga, karani, pita uketi. Hatutakuomba hata franka.