Mwani kwa Ng'ombe wa Maziwa

Wasikilizaji wanaokaa karibu na bahari huuona mwani uliotupwa ufuoni na mawimbi, na wengi hudhani ni takataka tu. Lakini katika nchi za baridi, kama Iceland na Scotland, wafugaji wamewalisha wanyama wao mwani tangu zamani. Katika kisiwa cha North Ronaldsay, Scotland, ukuta ulijengwa mwaka 1832 ili kondoo wasiingie mashambani. Tangu hapo kondoo hao hukaa ufuoni, na chakula chao kikubwa ni mwani.

Faida ya kwanza ya mwani ni madini, hasa iodini, yaani madini joto. Ng'ombe aliyepungukiwa na madini hayo huweza kuzaa ndama dhaifu mwenye uvimbe wa shingo, au ndama aliyekufa. Mwani mkavu uliosagwa, ukichanganywa kidogo na chakula, huweza kuondoa upungufu huo. Lakini iodini ikizidi huingia katika maziwa, na wanywaji wakubwa wa maziwa ni watoto.

Faida ya pili imetambuliwa katika miaka ya karibuni. Ndani ya tumbo la kwanza la ng'ombe mna vijidudu vinavyolainisha majani, na katika kazi hiyo hutokea gesi iitwayo methani, ambayo ng'ombe huitoa kwa mbweu. Gesi hiyo huongeza joto la dunia, tena ni nguvu ya chakula inayopotea bure. Mwani mwekundu uitwao Asparagopsis una kitu kiitwacho bromofomu, ambacho huzuia gesi hiyo isifanyike.

Jaribio la Chuo Kikuu cha California, Davis, lililotangazwa mwaka 2019, lilifanywa kwa ng'ombe 12 wa maziwa. Walipopewa mwani huo kwa kadiri ya 1 kwa mia ya chakula, methani ilipungua kwa 67 kwa mia. Lakini walikula pungufu kwa 38 kwa mia, na maziwa yakapungua kwa karibu 12 kwa mia. Walipopewa nusu ya kiasi hicho, methani ilipungua kwa 26 kwa mia, wala maziwa hayakupungua kama hapo kwanza.

Basi kipimo ndicho kila kitu. Mtu alipaye karo ya shule kwa fedha za maziwa hawezi kupoteza hata kibaba kimoja kila siku.

Tena mwani si wa namna moja. Ule uliolimwa Zanzibar tangu mwaka 1989, na ulimwao pia Kwale, huuzwa kwa kazi ya kuzitisha vyakula. Sio ule mwekundu wa jaribio la California.

Kwa hiyo mfugaji asizoe mwani wa ufuoni na kuumimina horini. Kwanza ampe ng'ombe majani mazuri, maji ya kutosha na chumvi ya mifugo. Kisha amwulize afisa wa mifugo kama kuna upungufu, na kiasi gani kitauondoa. Mwani ni kama chumvi katika mchuzi: kidogo hukoleza, kingi huharibu chungu kizima.