Kidonda cha Mguu Usiouma: Mhadhara wa Umma juu ya Tiba ya Madonda Sugu ya Kisukari

Nimechagua kunena juu ya kidonda cha unyayo wa mwenye kisukari, kidonda ambacho hupakwa kila dawa na kufungwa kila bendeji, na bado mwezi huandama ukaisha nacho kipo palepale, hata jamaa wakakata tamaa na majirani wakaanza kunong'ona habari za uchawi. Rai yangu, ambayo nitaitetea kwa dalili, ni kwamba aghalabu kidonda hicho hakikatai dawa; hukanyagwa.

Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi hudhoofisha mishipa ya fahamu, ikianza na iliyo mirefu kuliko yote, yaani ile iendayo vidoleni mwa miguu. Ganzi huingia polepole. Jasho hukauka, ngozi ikapasuka. Misuli midogo ya unyayo hunyong'onyea, vidole vikajikunja, na uzito wote wa mwili ukaangukia mahali padogo chini ya mfupa. Hapo huota sugu, na sugu hiyo hugandamiza nyama iliyo chini yake hadi ikavilia damu, ikatumbuka, ilhali mwenyewe, kwa kuwa hasikii, yu njiani kwenda sokoni. Mvue mgonjwa kandambili, na huenda ukaona msumari uliopenya soli, kichwa chake kinang'aa kwa kusuguliwa na lami na ncha yake imo nyamani. Muulize umeingia lini, naye atastaajabu kuambiwa kwamba upo. Madaktari wa Dar es Salaam wameandika katika majarida ya tiba habari za wagonjwa waliogugunwa miguu na panya usiku wasiamke. Wengine, kwa shauri la watu wenye nia njema, hutumbukiza mguu huo katika maji ya moto yenye chumvi, wakaubabua bila kujua. Nawasihi sana, jambo hili likomeshwe majumbani mwetu.

Ilmu ya kutibu madonda haya tuliirithi kwa wenye ukoma, ambao nao hupotewa na hisia miguuni. Daktari Paul Brand, Mwingereza aliyekwenda Vellore, kusini mwa Bara Hindi, mwaka 1946, aliwakuta watu wakiamini kwamba nyama ya mwenye ukoma ni mbovu kwa asili, wala haiponi. Yeye aliufunga mguu wenye donda ndani ya plasta ngumu ya jasi, lile hogo la waliovunjika mifupa, akamwacha mgonjwa atembee nalo, na donda likafunga. Kwani plasta iliyoshika vema unyayo na muundi huutawanya uzito, pasiwe na mahali pamoja panapoelemewa. Tadbiri hiyo aliendelea nayo huko Carville, Louisiana, nchini Marekani, na wenye kisukari wakafaidika.

Mwaka 1989 watafiti wa St. Louis walichapisha habari za wagonjwa 40 wa kisukari. Kati ya 21 waliotiwa plasta, walipona 19, kwa wastani wa siku 42. Kati ya 19 waliofungwa bendeji na kuagizwa wasiukanyage mguu, walipona 6 tu. Zingatieni neno hilo, kuagizwa. Mwenye maumivu huchechemea bila kuamriwa na mtu. Asiye nayo ataagizwa asubuhi, na adhuhuri atakuwa amekwisha kusimama juu ya donda lake, wala si kwa ukaidi, bali kwa sababu mwili wake haumkumbushi. Ndiyo maana naona si haki kumlaumu.

Walakini plasta si ya kila mguu. Kwanza tabibu auguse mpigo wa damu juu ya wayo na nyuma ya kifundo, maana mguu uliokosa damu hutaka kwanza kufunguliwa mishipa, na ukifungwa huoza. Pili, aikate sugu yote inayozunguka kidonda hadi nyama hai ionekane, kisha apeleke kijiti cha chuma ndani taratibu. Kikigonga mfupa, adhanie kwamba maradhi yamefika humo. Usaha, joto na wekundu unaoenea havingoji hata usiku mmoja. Na sukari yenyewe isipodhibitiwa, kazi hii yote hudhoofika.

Haya yawezekana kwetu. Tangu mwaka 2004 Tanzania, pamoja na India, ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza katika mradi wa Hatua kwa Hatua, uliofunza madaktari na wauguzi kuhudumia miguu ya wenye kisukari. Uzi wa nailoni upindao kwa nguvu ya gramu 10, ukiguswa unyayoni mgonjwa akiwa amefumba macho, hutosha kumtambua aliyekwisha kupotewa na hisia kabla donda halijatoka, na zahanati yoyote yaweza kuwa nao. Ninaiomba Seneti ya chuo hiki iingize kipimo hicho, na kazi ya kufunga plasta, katika mafunzo ya kila tabibu na kila muuguzi tunayemhitimisha, tena katika mwaka huu wa masomo. Na mimi niko tayari kuanza kufundisha muhula ujao.